Papasi Wanamjua Mwenye Nyumba

Penye kona ya soko la Rumonge, pale magari ya Nyanza-Lac yanapopunguza mwendo kushusha watu na madumu ya mawese, kuna ubao mrefu uliowahi kuwa ubavu wa mtumbwi. Mtumbwi ulikufa, ubavu ukapata kazi mpya ya kubeba makalio ya watu wasio na haraka. Mwenye ubao ni Muzee Radjabu, muuza kahawa ya tangawizi, mtu mwenye methali mia ambazo hata moja hajawahi kuiweka mahali pake. Karibu naye hukaa Ismaili, wanayemwita Dokteri kwa sababu alilinda lango la dispensari miaka sita na akaondoka na koti jeupe. Halafu yuko Zabroni, jina lake Redio, ambaye habari humfikia kabla jambo lenyewe halijatokea. Na kwenye ncha ya ubao, na karai lake la maji na kisanduku cha spana, hukaa Pontiani, fundi baiskeli. Yeye wanamwita Tanzania, maana alirudi kutoka huko miaka minne iliyopita na Kiswahili chake kimenyooka mno. Pontiani alizaliwa Gatete, mwendo mfupi tu wa baiskeli kutoka hapo, na jina hilo lilimchoma kila siku ya Mungu, lakini kijiweni mtu hachagui jina.

Alasiri hiyo alikuwa ameupa mwanga mgongo, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu kwa siku ya tisa. Halikutoa tongo wala halikuwasha. Liliuma ndani kwa ndani, na kila jua lilipogonga mabati ya soko, alihisi limemgonga yeye. Maumivu angeyavumilia. Lakini asubuhi alizamisha mpira wa ndani kwenye karai kutafuta tundu, kama alivyofanya tangu ujana, na hakuona povu hata moja. Aliona ukungu. Tangu saa ile alikuwa anaogopa, na hakumwambia mtu.

– Tanzania, alianza Redio, ile jicho yako leo imezidi. Iko nyekundu mpaka inataka kuongea.

– Itapoa.

– Haipoe yenyewe. Ile ni moshi ya mawese. Wale wanapika mawese kule juu wanachoma hata matairi.

– Apana, alikata Dokteri, akijinyoosha koti. Moshi inakamata macho yote mbili. Moshi haina ubaguzi. Hii imekamata moja tu, njo kusema tatizo inatoka ndani. Si ulisema ulipata homa?

– Mara tatu, alisema Pontiani. Inanishika siku tatu, nne, natetemeka, kichwa kinataka kupasuka. Halafu inaniacha wiki nzima, nafanya kazi, nasema nimepona. Halafu hiyo inarudi.

– Na walikupa nini?

– Dawa ya malaria. Mara zote tatu.

Dokteri alipiga goti lake kofi.

– Njo hiyo! Malaria ilikuwa kwa tumbo, ukaifukuza. Ikapanda kwa kifua, ukaifukuza. Sasa imefika kwa jicho. Ukiifukuza tena itatokea kwa nywele.

– Mimi sina nywele.

– Njo maana imekwama.

Walicheka wote, na Pontiani alicheka nao, kwa sababu kucheka ndiyo kodi ya ubao ule. Radjabu alimmiminia kikombe cha pili.

– Lakini kule santere ya afya hawakukuuliza kitu? Wanaandika tu?

– Waliniuliza. Kijana mmoja, mpole kabisa. Aliniuliza kwa Kifaransa chao kama nimeumwa na tiki. Nikatoa tiketi ya gari mfukoni, nikampa.

Ubao ulitikisika kwa kicheko. Redio alimwaga kahawa kwenye suruali.

– Akasema siyo hiyo, aliendelea Pontiani. Akatafuta neno, akatafuta, akasema kupe. Wa ng'ombe. Nikamwambia mimi sina ng'ombe hata mmoja.

– Kupe kwa mutu! alisema Dokteri. Yoo! Watoto wa siku hizi, unamuletea homa, anakutafutia ng'ombe!

– Basi naye akacheka, akaandika malaria.

Hapo Pontiani alipuliza kahawa yake. Kulikuwa na neno la tatu, ambalo kijana yule hakulijua. Pontiani alilijua tangu utoto, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi siku ile, na alilimeza.

– Mimi nawaambia, alisema Radjabu, wahenga hawakuwa wajinga. Kikulacho ki nguoni mwako. Tazameni ile koti Tanzania amevaa. Ni ya mitumba. Unajua nani alivaa? Muzungu mumoja alikufa na ugonjwa ya macho, watoto wake wakatupa koti, meli ikaleta, Tanzania akavaa.

– Muzungu alikuwa anavaa koti kwa macho? aliuliza Redio.

– Haraka haraka haina baraka, alijibu Radjabu, akaona amejibu vizuri.

Redio aliweka kikombe chini. Alikuwa na habari yake, na aliitazama barabara pande zote mbili kama mtu anayeuza magendo.

– Sikilizeni. Si moshi, si malaria, si koti. Iko mutu ng'ambo ya ziwa, milima ile munaona. Anaweka maji kwa beseni. Anaita jina: Pontiani wa Gatete! Sura inatokea kwa maji. Anachukua ndoana ile ya kuvua mukeke, anaanza kuvuta jicho. Pole pole. Si kukuua, apana. Ni usiweze kusoma karatasi ya shamba.

– Nani alimutuma? aliuliza Radjabu.

– Wale jirani zake. Nani mungine?

– Na mbona anavuta jicho moja? aliuliza Dokteri.

– Shamba waligawana nusu kwa nusu, alisema Redio. Na macho nayo nusu kwa nusu.

Safari hii Pontiani hakucheka. Jambo la shamba halikuwa mzaha kwake. Baba yake alijenga nyumba ya udongo Gatete katikati ya michikichi, na mwaka wa sabini na mbili familia ilikimbia mauaji na kuiacha na moto jikoni. Mama yake alikaa kambini Tanzania miaka yote akiisimulia ile nyumba chumba kwa chumba, mlango ulivyolia, dirisha lilivyotazama ziwa, mpaka akafia huko. Pontiani aliporudi alikuta wengine wamezaliana kwenye shamba lile na nyumba ya baba imekuwa zizi la mbuzi. Alipanga chumba hapo mjini kwa Radjabu karibu miaka minne, akipanda na kushuka kwa wazee wa mlima, waamuzi wa kesi za ardhi, hadi walipochora mstari katikati ya michikichi: jirani nusu, yeye nusu, na nyumba ikaangukia upande wake. Ilikuwa miezi mitatu sasa. Siku ile ubao ulimnywesha kahawa mpaka akakosa usingizi. Alifagia samadi ya mbuzi kwa mikono yake, akatandika mkeka.

– Amahoro, mapapa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amekaza kitenge, anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya ndagala, dagaa wa ziwani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala kabisa. Jicho lake la kushoto lilikuwa na utando mweupe kama maji ya mchele.

– Amahoro, mama, alijibu Radjabu. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

– Murakoze. Mimi Jovita, natoka Minago. Fundi ni nani?

Pontiani alinyanyuka. Alitoa mpira wa ndani, akaujaza upepo, akauzamisha kwenye karai na kuuzungusha. Ukungu. Akautoa majini akaupitisha karibu na shavu lake, polepole, akingoja ule upepo mwembamba umguse. Ulimgusa, au alidhani umemgusa. Akaweka alama kwa kucha, akaanza kuukwangua mpira kwa msasa.

– Papa, alisema Jovita, tundu haiko hapo. Iko hapa.

Aliuchukua mpira, akauzamisha tena mwenyewe, akaonyesha. Kwa jicho lake moja aliyaona mapovu yote.

– Haa! Redio alianza kucheka, lakini mama yule alimgeukia, na kicheko kikafia njiani.

– Papa, hii jicho imeanza lini?

– Siku ya tisa leo.

– Na homa ilitangulia. Inakuja, inaenda, inakuja.

– Nani amekwambia?

– Hii yangu njo imeniambia. Aligusa shavu chini ya jicho jeupe. Minakuuliza kitu moja. Unalala wapi?

Lilikuwa swali dogo, la kuulizwa mtoto. Redio, ambaye alijua mpaka ndoana iliyo kwenye beseni ng'ambo ya ziwa, alimtazama Dokteri. Dokteri alimtazama Radjabu. Radjabu alitazama vikombe. Walijua kwamba Pontiani amepata nyumba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda kwenda kuiona.

– Kwa baba yangu, Gatete, alijibu Pontiani mwenyewe.

– Nyumba ya matofali ao ya udongo?

– Ya udongo.

– Unalala kwa kitanda ao chini?

– Chini. Kwenye mkeka. Pale mama yangu alipokuwa analala.

– Na bimputu iko?

Wale watatu hawakuelewa, kwa hiyo aliwaeleza. Alikuwa amekulia Baraka, ng'ambo, na huko kimputu, bimputu vikiwa vingi, ndilo jina la kile kidudu cha kijivu kinachojificha kwenye vumbi la sakafu na nyufa za ukuta, kinatoka kumnyonya mtu akiwa usingizini na kurudi ufani kabla hajaamka. Ni kupe, ila si wa ng'ombe. Kupe wa nyumba.

Pontiani hakuhitaji kuelezwa. Neno lake la tatu lilikuwa limefika kijiweni kwa miguu yake lenyewe, limevaa nguo za Kikongo.

– Sisi tunaita papasi, alisema.

– Sawa, papasi. Iko?

– Wapo. Aliinua kichwa, na sauti yake ikawa ngumu. Wapo, lakini wale ni wa kwetu.

– Wa kwenu namna gani?

– Mama yangu alituambia. Papasi wa nyumba wanamjua mwenye nyumba. Mgeni akilala usiku mmoja kwetu alikuwa anaugua, anatetemeka wiki. Sisi wenyewe walituuma tangu tukiwa wadogo na hatukuugua. Ndivyo mgeni alivyojulikana. Papasi hawamwangushi mwenyeji.

– Mama yako hakudanganya, alisema Jovita taratibu. Mutu anaumwa tangu mutoto, damu inazoea. Hata kwetu Baraka ilikuwa vile. Weye uliondoka pale na miaka ngapi?

Pontiani aliufuta mpira uliokuwa mkononi, ingawa ulikuwa umekwisha kukauka.

– Miezi saba. Mgongoni mwa mama.

– Papa, alisema Jovita, sasa bangekujulia wapi?

Gari la Nyanza-Lac lilisimama, likashusha watu, likaondoka. Pontiani alikaa chini. Hilo ndilo alilolimeza siku ile mbele ya kijana mpole. Alijua anaumwa nini. Kila asubuhi aliona alama ndogo za damu kwenye shuka. Lakini kulitaja lile neno kulikuwa ni kukubali kwamba nyumba ya baba yake, iliyolaza mbuzi miaka yote bila kulalamika, ilimwonja yeye ikamkataa. Alikubali malaria. Angekubali hata ndoana ya Redio.

– Lakini mama, alijikakamua Dokteri, kidudu inauma kwa mguu. Jicho inaingia namna gani?

– Inaacha ugonjwa kwa damu. Damu inafika wapi? Kwa watu wengine njo inapanda mpaka kwa macho. Mimi nilihamia kwa shemeji yangu, nyumba ya udongo, homa ikaja ikaenda, jicho ikawa nyekundu vile vile. Nikangoja. Pale kwetu kila mutu alikuwa na maneno yake. Mumoja anasema moshi. Mungine anasema malaria imepanda. Mungine anasema ni watu wananivuta. Maneno ilikuwa mazuri, tulikuwa tunacheka. Wakati lopitali wanaona ile kitu kwa damu, jicho ilikuwa imeshaenda.

Redio aliinamia viatu vyake. Methali ya Radjabu ya kikulacho, kwa mara ya kwanza maishani mwake, ilikuwa imeangukia mahali pake hasa, na mwenyewe alikuwa ameipeleka kwenye koti.

– Homa iko sasa? Jovita aliweka kiganja kwenye paji la uso la Pontiani kama dada. Iko. Vizuri. Damu wapime wakati moto iko juu. Ukipoa hawaone kitu. Usiseme homa tu. Sema ile kidudu kwa jina, sema kimputu, sema papasi, chora kwa mukono kama hawasikie. Dawa iko, na si ya malaria. Na ile sakafu ichimbwe, ipigwe upya. Lakini leo usilale pale.

– Siwezi, alisema Pontiani.

– Kwa nini?

– Nikiiacha tupu wiki moja, mbuzi watarudi. Watasema ameshindwa, amerudi kwao Tanzania. Hii nyumba hainilindi mimi, mama. Mimi ndiye ninayeilinda.

– Ukilala pale, mbuzi hawatarudi, na jicho haitarudi. Chagua.

Aliwageukia wale wengine. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

– Leo atalala kwa nani?

Ubao uliokuwa na majibu manne ya jicho haukuwa na jibu la kitanda. Redio alikohoa. Kwake kulikuwa na wageni wa harusi, alisema, wanalala mpaka jikoni. Harusi ya nani, hakusema, na hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kwanza ambayo Redio hakuipamba. Dokteri alisema kwake kuna watoto, na homa kama ile, nani ajuaye, pengine inaambukiza.

– Kushikana mukono haiambukize, alisema Jovita. Mimi nimeshamushika.

– Ile chumba yako ya zamani, Pontiani, alisema Radjabu, akimwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza kwa miaka minne, nimeshaweka madumu ya mawese. Ningejua mapema...

Alitikisa birika ili apate cha kufanya. Likatoa mchakacho mkavu wa tangawizi.

– Na kahawa imekwisha, alisema, ingawa adhana ya alasiri haikuwa hata imepoa masikioni.

Pontiani alikibandika kiraka mahali mama yule alipoonyesha. Alikipiga, akarudisha tairi, akajaza upepo, akalibonyeza kwa kidole gumba. Limekaa. Kisha alimwaga maji ya karai, akafunga kisanduku cha spana na kukisukuma chini ya ubao.

– Mimi napita njia ya lopitali, alisema Jovita. Shika kiti ya velo, mimi nasukuma, weye ufumbe ile jicho. Na kitu moja tena. Watakuuliza: uko mwenyeji ao uko mugeni pale Gatete? Ukisema mwenyeji, watasema huyu amezoea, si kimputu, wataandika tena malaria. Sema uko mugeni.

– Mimi nimezaliwa pale.

– Najua, papa.

– Kitovu changu kimezikwa pale.

– Najua.

Pontiani aliwatazama wale watatu kwa jicho lake zima. Miaka minne alikunywa kahawa yao akingoja mmoja wao, hata kwa bahati mbaya, hata katika mzaha, aseme: huyu ni wa hapa. Kama angelisikia neno hilo alasiri ile, pengine angekwenda nalo hospitali na kuligombania kama alivyogombania michikichi.

– Nyinyi mnasemaje? aliuliza. Mimi ni nani?

Redio alifungua mdomo. Neno lililokuwa tayari mdomoni mwake lilikuwa Tanzania, na alikuwa na haya ya kutosha kutolitoa.

– Basi, alisema Pontiani. Alishika kiti cha baiskeli, akafumba jicho linalouma, akalijaribu neno kama mtu anayejaribu kiatu cha marehemu. Mgeni. Mimi ni mgeni Gatete.

Wakaondoka, yeye na mama wa Minago na magunia ya ndagala, wakikata jua la ziwa.

Radjabu aliwafuata kwa macho. Alikuwa na methali moja tu ya mgeni, na mchana ule ule alikuwa ameshaitumia. Akaanza kuosha vikombe, na kile cha Pontiani, kilichokuwa bado na kahawa nusu, akakiacha kilipo.